Kiatu cha Jumapili

Immakulata alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kusaga, spana ameing'ata kwa meno, wakati wanawake wa foleni ya unga waliponyamaza wote kwa pamoja. Wanawake wa Murungu hawanyamazi hovyo. Hunyamaza padri akipita, na hunyamaza panapotokea jambo ambalo hawataki kukosa hata neno lake moja. Padri alikuwa Kibondo mjini juma lile.

Akageuza shingo. Kutoka kule chini aliona miguu tu: miguu na ndoo, miguu na vikapu, pindo za kanga zilizofifia, na katikati yake miguu miwili ya mwanamume, mipana, vidole vimeachana, miguu ya mtu aliyezoea kusimama juu ya kitu kinachoyumba. Vumbi la barabara ya Kasulu lilikuwa limeipaka mpaka magotini.

Moyo wake ulipiga kwa nguvu, ukasita, ukapiga tena, kama injini iliyoingiwa na hewa kwenye dizeli. Ugonjwa huo aliujua kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu yeye ndiye aliyeutengeneza.

"Imma, toka huko chini, mwanangu," alisema Mama Leonidasi, ambaye unga wake ulikuwa tayari tangu asubuhi lakini alikuwa hajaona sababu ya kwenda nyumbani. "Mgonjwa wako amerudi."

Mgonjwa alikuwa pampu ya dizeli iliyoviringishwa kwenye gunia. Aliyeibeba alikuwa Felisiani, nahodha wa chombo cha matanga kilichoandikwa ubavuni *Nitarudi*, na kama kuna chombo katika ziwa lote la Tanganyika kilichowahi kulitii jina lake, basi ni hicho.

Mwezi mmoja uliopita, mwanzoni mwa kiangazi, Felisiani alikuwa ameanza safari ndefu ya kupeleka chumvi ya Uvinza kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, mwisho kabisa wa ziwa upande wa kusini. Chumvi ilikuwa ya Bi Asia, mfanyabiashara wa Kasulu, na chombo pia kilikuwa chake. Miezi hiyo upepo hutoka kusini, unampiga nahodha usoni, kwa hiyo kwenda huko tanga ni pambo tu, injini ndiyo inayosukuma. Kurudi ndiyo tanga hufanya kazi na injini ikalala. Sasa pampu ikafa hata Kigoma haijapotea machoni. Mjini aliambiwa asubiri pampu mpya miezi miwili, labda mitatu. Mtu mmoja akamnong'oneza kwamba injini ya kusagia ya kijiji cha Murungu, huko juu Kibondo, ni ndugu wa tumbo moja na ya chombo chake, na kwamba mzee anayeitunza huzifufua zilizokwisha kuliliwa.

Mzee huyo ndiye Makarius, baba yake Immakulata. Kwao Burundi alitunza mitambo ya kiwanda cha kahawa. Mwaka wa sabini na mbili alivuka mto Malagarasi akiwa na binti yake mgongoni, sanduku la spana kichwani, na mkononi mkia wa ng'ombe wa mtu asiyemjua. Alipofika ng'ambo aliapa kwamba yeye na maji yanayozidi ndoo, basi. Tangu hapo hata samaki hali. Siku hizi macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mikono ya kazi ikawa ya Immakulata, lakini hakuna kilichotoka pale bila yeye kukipitisha kwenye ncha za vidole vyake, nati kwa nati, kama mtu anayesali rozari.

Felisiani alikaa siku tatu. Siku ya kwanza alishika pampu wakati Immakulata akifungua. Siku ya pili alishika pampu hata pale ambapo haikuhitaji kushikwa. Siku ya tatu alimwendea mzee, akapiga makofi ya heshima kama wafanyavyo Waha mbele ya wakubwa, akasema lililokuwa moyoni. Mzee Makarius alimsikiliza mpaka mwisho. Akamsifu yeye, akasifu wazazi wake waliomlea, akasifu hata sauti yake. Kisha akamwambia kwa upole kwamba binti yake hataolewa na mtu ambaye kazini kwake hakuna mahali pa kukanyaga.

Asubuhi iliyofuata, pampu ikiwa imekwisha kukaguliwa na kufungwa ndani ya gunia, Immakulata aliifungua tena. Alitoa washa moja ya shaba, kile kijiduara chenye tundu kinachoziba maungio ya bomba la dizeli. Mahali pake akaweka nyingine ya ukubwa ule ule aliyoikata kwa wembe kutoka kwenye ngozi. Alijua ngozi ikilowa dizeli huvimba ikaziba vizuri sana, na alijua pia kwamba baada ya muda hulegea, hewa ikaingia, injini ikakohoa ikazima. Alikadiria saa arobaini. Hakuwa na ngozi nzuri zaidi ya ile iliyokuwa ndani ya kiatu cha Jumapili cha baba yake, ulimi ule unaokaa chini ya kamba.

Jumapili hiyo mzee alikwenda kanisani kamba zikimkata mguu pale penye tundu la ulimi. Alirudi akiwa ameshahukumu: ni mbwa wa jirani yake Ndihokubwayo. Majirani wale wawili hawakusalimiana wiki nne nzima, na mbwa, ambaye maskini hakuwa na meno ya kutosha hata kwa ugali, alifungwa kamba.

Basi msomaji wangu utaelewa kwa nini Immakulata alitoka chini ya mashine polepole kuliko ilivyolazimu, akijifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Macho yao yalikutana, na aliyeangalia pembeni kwanza alikuwa Immakulata. Felisiani alikuwa amekonda kidogo. Jua la ziwani lilikuwa limempiga rangi mpya, na pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kitu kinachotaka kuwa kicheko na kinazuiwa kwa nguvu zote.

"Fundi," alisema.

"Nahodha."

"Umezima mashine kwa ajili yangu?"

"Nimezima kwa ajili ya maji. Pipa la kupoozea injini limechemka. Usijipe cheo."

Wanawake walipeana viwiko. Mzee Makarius akatoka ndani akipapasa mlango, akaisikia ile sauti aliyoisifu, uso wake ukafunguka kabla hajakumbuka kuufunga. Alimkaribisha mgeni kiti, akataka kujua kilichotokea.

Felisiani alisimulia vizuri, maana watu wa ziwani hawana haraka na habari. Injini ilivuma siku ya kwanza kama nyuki. Siku ya pili pia, hata mabaharia wake wanne wakaacha kuitazama kwa wasiwasi. Walikuwa wamebakiza mwendo kidogo kuiona Karema, jua la asubuhi limeanza kupasha mbao joto, ilipokohoa mara tatu ikanyamaza. Na upepo wa kusini, ambao ulikuwa unawangoja kwa hamu, ukawageuza pua. Wakatweka tanga, na tanga likawarudisha walikotoka bila kuomba ruhusa. Siku tatu mpaka Kigoma, mmoja akiimba nyimbo za kanisani, mwingine akisoma dua, na wawili wakimtukana nahodha kwa zamu. Bi Asia alipopata habari alimwita Kasulu, akamwambia ana siku nne: arudi na pampu, au na fundi, au asirudi.

Immakulata alisikiliza huku akihisi joto likimpanda shingoni. Usiku ule wa kukata ngozi hakuwafikiria wale wanne. Aliwaza chombo, aliwaza injini, aliwaza miguu mipana ikirudi barabarani. Hakuwaza mtu aliyekuwa anaimba nyimbo za kanisani.

"Ifungue hapa hapa," baba yake alimwambia. "Nataka kujua."

Akakaa juu ya debe, akaiweka pampu mapajani. Alijua atakachokuta: ngozi nyeusi iliyolegea, na baba yake atanyoosha mkono aiguse, na huo ndio utakuwa mwisho wa yote. Maana mzee alikuwa na sheria moja tu. Fundi anayeharibu kwa makusudi anaweka spana chini, na haziokoti tena. Alishamfukuza kijana mmoja kwa hilo, na alikuwa mtoto wa kaka yake.

Nati ikalegea. Bomba likatoka. Ndani yake washa ilimeta, nyekundu, mpya.

Ilikuwa shaba.

Aliinua macho. Felisiani alikuwa anaangalia paa la bati kwa makini makubwa, kama mtu anayefikiria kulinunua.

"Kuna nini?" mzee aliuliza.

"Vumbi tu, baba," Felisiani aliwahi. "Nadhani lilikuwa vumbi."

Angeishia hapo na mambo yangekuwa yamepita. Lakini mzee alikuwa ameshanyoosha mkono. Vidole vyake vikaizunguka washa mara moja, mara mbili, vikasimama.

"Hii si kazi yangu."

Felisiani akakiri kwamba ni yake. Aliikata mwenyewe Kigoma kutoka kwenye sarafu ya senti tano, akaitoboa kwa msumari. Mzee akauliza ya zamani ilikuwa na nini. Felisiani akasema ilikuwa imechoka. Shaba haichoki siku mbili, mzee alijibu, isipokuwa ilikaa vibaya. Na kama ilikaa vibaya, aliyeikagua ni nani?

Mzee Makarius akairudisha pampu mapajani kwa binti yake, taratibu, akajipangusa vidole kimoja kimoja.

"Basi yamefika," alisema. "Macho yalishaondoka, sasa na vidole. Watu wanne wamerudishwa na upepo kwa sababu yangu. Jumatatu nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wamtafute mtu mwingine wa kutunza mashine. Mimi sitangoja mpaka nimkate mama wa mtu mkono."

Alisema bila kulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Immakulata. Mbele yake palikuwa na njia mbili. Akinyamaza, ataendelea na spana zake na pengine na Felisiani wake, na baba yake atakaa kwenye kibaraza kuanzia Jumatatu akiamini kwamba vidole vyake vimekufa. Akisema, hatakuwa na kitu.

Aliweka pampu chini. Akapiga magoti palepale kwenye unga uliomwagika.

"Si vidole vyako, Dawe," alisema, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani, ya utotoni. "Ulikagua, na ilikuwa nzima. Niliifungua baada yako. Nilitoa shaba nikaweka ngozi, ili imharibikie njiani, ili arudi. Niliweka kwa makusudi."

Safari hii wanawake wa Murungu walinyamaza hata kwa kupumua.

"Ngozi gani?" mzee aliuliza, na hilo halikuwa swali ambalo mtu yeyote alilitegemea.

Felisiani alitia mkono kwenye mfuko wa shati, ule wa upande wa moyo, akatoa kitu kilichokunjwa ndani ya karatasi. Akakiweka kwenye kiganja cha mzee. Mzee alikigusa. Akakipeleka puani. Kilikuwa kimelowa dizeli, kimelala ndani ya injini, kimevuka nusu ya ziwa, lakini kwa chini kabisa kilikuwa bado na harufu ya rangi ya viatu.

Mzee Makarius akainuka, akaingia ndani.

"Ulijua tangu lini?" Immakulata alinong'ona, bado yuko magotini.

"Tangu kule kule ziwani. Niliifungua, nikaiona. Wenzangu walidhani nimerukwa na akili, injini imekufa na mimi nacheka peke yangu."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika mpaka saa sita mchana. Halafu nikafikiria kwamba hakuna msichana aliyewahi kusimamisha tani kumi na mbili za chumvi kwa ajili yangu." Akachuchumaa, wakawa macho kwa macho. "Ilidumu saa thelathini na nane."

"Nilikadiria arobaini."

"Ulikosea mbili."

"Kiatu cha zamani," alisema, na akashangaa kujisikia anacheka, machozi bado yako njiani.

Kisha akili yake ya ufundi ikaamka, ikauliza lile ambalo moyo haukuliona. Kama alikata washa yake Kigoma, na washa inaziba, basi injini iliwaka. Na kama iliwaka, pampu imefunguliwa kwa ajili gani? Felisiani akajikuna shingo. Iliwaka, ndiyo. Iliwaka asubuhi na jioni, siku mbili. Halafu akaifungua tena akaiweka kwenye gunia. Mabaharia wake walijua. Ndio waliomsukuma kwenye lori, na yule wa dua alimchangia nauli. Bi Asia naye alijua. Alimkodolea macho dakika nzima pale dukani kwake Kasulu, akamwambia aende, lakini akirudi na pampu peke yake, yeye mwenyewe ataiangusha ziwani.

"Kwa hiyo umenibebea pampu nzima, milima yote hii."

"Ningekuja na mikono mitupu, baba yako angenikaribisha kwa kazi gani?"

Mzee alirudi na kiatu. Alikuwa amesikia, maana macho yaliondoka lakini masikio hayakwenda popote. Akakaa. Akachukua kile kiduara cheusi, akakilaza kwenye tundu la mviringo lililobaki katika ngozi ya ulimi wa kiatu. Kiliingia bila kubakiza nafasi ya unywele.

Alikizungusha. Akakitoa, akakirudisha. Immakulata alikuwa anaangalia vidole vile, na akaona kitu kinatokea ambacho hakukielewa mara moja. Vilikuwa vinapima. Vilikuwa vinatafuta kosa katika ule mkato, na havikuliona.

"Wembe?" mzee aliuliza.

"Wembe, Dawe."

"Kwa mkono mtupu? Bila kufuata kitu?"

"Nilifuata ile ya shaba."

Mzee akaguna. Kisha akageuka upande wa foleni, akamwomba Mama Leonidasi, kwa kuwa alikuwa hana shughuli, aende kwa Ndihokubwayo amwambie amfungue mbwa. Na kwamba Makarius atakuja jioni mwenyewe kuomba radhi, na atakuja na mtungi wa pombe ya ndizi. Mama Leonidasi alisema atakwenda, lakini hakusogea.

"Nyinyi wawili," mzee alisema, "mmoja anaharibu kilicho kizima, mwingine anafungua kilichopona. Sijui niseme mmefanana au niseme mmeambukizana." Aliinua mkono kabla Felisiani hajafungua mdomo. "Wewe ngoja. Nazungumza na fundi wangu. Immakulata, sheria unaijua."

"Naijua." Alikuwa ameshatoa spana mfukoni. Aliiweka miguuni pa baba yake. Ilikuwa nyepesi sana kwa kitu kilichokuwa maisha yake yote.

"Yule kijana wa kaka yangu nilimfukuza kwa sababu alipoulizwa alisema ni mimi niliyekagua vibaya. Wewe ulikuwa unaweza kusema hivyo hivyo, na mimi nilikuwa nimeshakubali." Aliisogeza spana kwa mguu, ikarudi mbele ya magoti ya binti yake. "Kwa hiyo hutaiacha. Utaibeba. Kazi iliyotoka hapa na ubovu sharti ikamalizwe na mkono ulioiharibu, hapo ilipo. Pampu hii hataifunga yeye na senti zake tano. Utaifunga wewe, kwa washa ya kweli, na utawaomba radhi wale wanne, mmoja mmoja."

Immakulata hakuelewa, au alielewa akaogopa kuamini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba chombo kiko Kigoma. Kiko majini.

"Najua kilipo. Mtakwenda na lori la Jumatatu. Shangazi yako Esteri atakwenda nanyi, akae katikati yenu, na ana mwili wa kutosha kwa kazi hiyo." Sasa akamgeukia Felisiani, na sauti yake ikashuka. "Akishafunga, nenda Mpulungu kashushe chumvi ya watu. Yeye atarudi hapa na shangazi yake. Ukirudi na wewe, kwa tanga au kwa makasia, njoo na wazee wako. Waje kwa barabara. Nitawasikiliza."

Felisiani, aliyekuwa na maneno ya kumtosha ziwa zima, alipiga makofi ya heshima tu, taratibu. Mwanamke mmoja kwenye foleni akamfuatisha, na mwingine, mpaka kibanda kizima cha kusagia kikawa kinapiga makofi na unga unapepea kutoka kwenye mbao.

Mzee alingoja watulie. Alikuwa bado ameshika kiatu, anakipangusa kwa mkono wa shati.

"Nina swali moja, nahodha. Mtu akisimama pale ufukweni, asiingie popote, asimame tu asikilize injini ya binti yake ikiwaka. Maji yanamfikia miguuni?"

"Akisimama kwenye changarawe, baba, hayamfikii."

"Una uhakika?"

"Nitaweka jiwe pale mwenyewe."

Mzee Makarius alifikiri. Akakipima kiatu mguuni, akavuta kamba, akakunja uso zilipomkata mahali pale pale palipokuwa pakimkata wiki nne.

"Basi," alisema, "nitavaa viatu vya Jumapili."